Jogoo wa Šibenik na dakika zake 12

Machi 1989, mjini Athens, Dražen Petrović alifunga pointi 62 katika mchezo mmoja wa fainali ya mpira wa kikapu. Lilikuwa Kombe la Washindi la Ulaya. Real Madrid yake iliilaza Snaidero Caserta ya Italia 117 kwa 113 baada ya dakika za nyongeza, na upande wa pili Mbrazili Oscar Schmidt aliondoka na 44 zake. Kabla mwaka haujaisha, mtu huyohuyo alikuwa kwenye benchi la Portland Trail Blazers ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, anasubiri kocha ageuze shingo na kumwita.

Enzi zile Wamarekani wengi walikuwa na lao moja juu ya wachezaji wa Ulaya: ni laini, hawana mbio, hawakabi. Sisi tungesema jogoo wa shamba hawiki mjini. Miaka minne baadaye, Petrović alipotajwa katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa NBA kwa msimu wa 1992/93, simulizi ikageuzwa kidogo tu: jogoo kajifunza kuwika kimjini. Mpaka leo ndivyo kisa chake kinavyosimuliwa. Alifika, akashindwa, akajifunza, akafaulu.

Mimi naona simulizi hiyo imekaa upande. Nikizipanga takwimu zake za misimu minne, naona jogoo aliyekuwa akiwika tangu asubuhi ya kwanza. Aliwika dakika 12, kisha akafunikwa tenga. Kulikuwa na mambo aliyopaswa kujifunza, nayo nitayataja, lakini si yale yanayotajwa sana. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa "kuzoea NBA" ilikuwa ni nani aliyekuwa na nafasi wazi, na nani alikuwa radhi kumpa.

Alikotoka

Šibenik ni mji wa bandari kwenye pwani ya Dalmatia. Leo ni Croatia. Alipozaliwa tarehe 22 Oktoba 1964 ilikuwa Yugoslavia. Kaka yake Aleksandar alitangulia kwenye kikapu, mdogo akafuata. Simulizi za Šibenik zinasema kijana huyu aliingia ukumbini Baldekin alfajiri, kabla ya shule, akatupa mitupo 500. Idadi kamili waachie wasimuliaji. Mkono ule haukuokotwa njiani. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari kwenye kikosi cha wakubwa cha Šibenka, na timu hiyo ya mji mdogo ikafika fainali ya Kombe la Korać, kombe jingine la klabu za Ulaya, mara mbili, 1982 na 1983, ikafungwa zote na Limoges ya Ufaransa.

Akaenda jeshini mwaka mmoja, kama sheria ilivyotaka, kisha Cibona Zagreb alikokuwa kaka yake. Hapo ndipo Ulaya ilipomjua vizuri. Kombe la Mabingwa la Ulaya 1985 waliifunga Real Madrid, na 1986 wakaifunga Žalgiris ya Arvydas Sabonis. Kuna pia ule mchezo wa Oktoba 1985 alipofunga pointi 112 dhidi ya Olimpija ya Ljubljana. Watu wanaupenda mno. Tusiupambe: wapinzani waliingiza vijana kwa sababu ya mambo ya usajili, na ukiwafunga watoto unahesabu kitoto. Zile 62 za Athens ndizo zenye uzito.

Kwa kisa hiki, vikombe havina kazi kubwa kuliko aina ya mchezaji aliyekuwa. Kule Cibona mpira ulikuwa wake. Alipokea chini kabisa, akapanda nao, akaamua kama atupe au atoe pasi, na akibanwa alitafuta faulo akaenda kutupa mitupo huru. Wenzake wanne walijipanga kumzunguka yeye. Zaidi ya hapo alikuwa na mdomo na mbwembwe, akifunga anawacheka mashabiki wa ugenini machoni. Uwanja mzima ulijua nani ni bwana.

Sasa mtu wa namna hii anakwenda Marekani. Watu hukimbilia kuhesabu tofauti za sheria, na kweli zilikuwepo. Ulaya walicheza dakika 40 kwa vipindi viwili vya 20, na timu ilikuwa na sekunde 30 za kutafuta mtupo. NBA ilikuwa dakika 48 na sekunde 24. Mstari wa pointi tatu Ulaya ulikuwa mita 6.25 kutoka kikapuni. NBA mita 7.24 kwa mbele na kama 6.70 pembeni. Karibu mita nzima. Wengi walidhani mita hiyo ndiyo ingemmaliza.

Haikummaliza. Msimu wake wa kwanza kabisa alitia asilimia 45.9 ya mitupo ya mbali. Mstari si hoja, tuuache.

Hoja ilikuwa ukabaji, na hasa sheria moja ambayo mashabiki wa leo wameisahau. Mpaka 2001, NBA ilikataza kukaba eneo. Kila mtu alipaswa kuwa na mtu wake, na huwezi kumwacha wako ukaenda kujibanza chini ya kikapu. Ulaya ilikuwa ruhusa. Timu yenye nyota asiyependa kukaba ilimtafutia kona yake ndani ya ukuta wa watu watano, akavuta pumzi hapo, nguvu zote akaziweka kwenye kufunga. Hivyo ndivyo nyota wengi walivyoishi, na waliishi vizuri.

NBA ya 1989 haikuwa na kona ya kujificha. Kocha mpinzani akishaona nani mkabaji dhaifu, anaamuru mpira upelekwe kwa mtu anayekabwa naye, wengine wanasogea upande wa pili, wawili wanabaki peke yao mbele ya watu elfu kumi na kitu. Na waliokuwa wakikungoja pale ni Michael Jordan, Joe Dumars, Kevin Johnson. Kama miguu yako ni mizito, dunia nzima inaona. Tena waamuzi wa wakati ule waliruhusu mkabaji kuweka mkono kiunoni kwa mwenye mpira na kumsukuma. Petrović alikuwa na urefu wa kama mita 1.96 na mwili mwembamba. Akishambulia anasukumwa, akikaba anazungukwa.

Hilo lilikuwa tatizo la kweli, na si chuki ya kocha.

Portland

Portland walimchagua mwaka 1986, katika mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wapya wa NBA, duru ya tatu, nafasi ya 60. Siku hiyohiyo, nafasi ya 24, walimchagua Sabonis. Ilikuwa kama kununua kiwanja usichojua utajenga lini, kwa maana wachezaji wa Ulaya mashariki hawakuwa wakitoka hovyo. Mbulgaria Georgi Glouchkov alikuwa ameshapita Phoenix Suns msimu wa 1985/86, akacheza michezo 49 na kurudi Ulaya. Petrović aliwaweka miaka mitatu. Alipokubali, alikuwa bado na mkataba na Real Madrid, na Portland ikalazimika kulipa ili aachiwe.

Ukilipa fedha kumtoa mtu kwa watu, unatarajia umtumie. Lakini tazama ni nyumba gani aliingia. Clyde Drexler alikuwa nyota wa timu, na nafasi yake ndiyo hasa ya Petrović. Terry Porter ndiye aliyechezesha timu. Ndani walikuwa na Kevin Duckworth, Jerome Kersey na Buck Williams aliyeletwa majira hayohayo. Kocha Rick Adelman alishinda michezo 59 msimu ule na kufika fainali ya NBA, akafungwa na Detroit Pistons michezo 4 kwa 1.

Hapa wapenzi wa Petrović humrushia Adelman mawe, nami siwaungi mkono. Kocha anayeshinda michezo 59 ana haki ya kuogopa kugusa chungu kinachochemka. Petrović alicheza michezo 77, wastani wa dakika 12.6, pointi 7.6. Hakuanza hata mmoja. Aliingia Drexler au Porter alipopumzika, akapewa kona na amri: ukiachwa wazi, tupa. Aliyezoea kuwa mpishi akakabidhiwa kazi ya kukata vitunguu.

Kuna jambo lingine ambalo mtu wa nje halioni haraka. Ulaya, nafasi hupatikana mazoezini. Timu inacheza mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine zote mnafanya mazoezi, mara nyingi asubuhi na jioni, na asiyepangwa ana nafasi ya kumwonyesha kocha amekosea. NBA ina michezo 82 ndani ya takriban miezi sita. Ikifika Januari, timu inashuka kwenye ndege usiku, inalala, inacheza, inapanda ndege tena. Mazoezi ya kweli ni machache. Mtu wa benchi hana pa kudai haki yake. Kwa mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya imani kwamba ukifanya kazi kuliko wengine utacheza kuliko wengine, huo ulikuwa mlango uliofungwa bila hata kitasa.

(Sisi tuliomfuatilia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa 2 na Memphis Grizzlies mwaka 2009, tunayajua machungu ya kufungua takwimu asubuhi na kuanza kwa kutafuta safu ya dakika. Tofauti ni kwamba Thabeet alifika akiwa bado anajifunza mchezo. Petrović alifika akiwa na Makombe mawili ya Mabingwa ya Ulaya.)

Msimu wa pili ukawa mbaya zaidi. Agosti 1990 Portland ilimleta Danny Ainge, mzaliwa wa jimbo hilohilo la Oregon, bingwa mara mbili akiwa Boston Celtics. Sasa kulikuwa na watu watatu mbele yake. Timu ikashinda michezo 11 ya kwanza mfululizo, na hakuna kocha anayebadilisha kitu akiwa ameshinda 11. Hadi katikati ya Januari, Petrović alikuwa amegusa uwanja katika michezo 18 tu, wastani wa dakika 7.4.

Kiangazi hicho hicho alikuwa amepoteza kitu kingine. Mwaka wa kwanza Marekani alikuwa na ndugu wa simu, Vlade Divac, Mserbia aliyekuwa Los Angeles Lakers, mwenzake wa timu ya taifa. Walizungumza kila mara. Agosti 1990 Yugoslavia ilichukua ubingwa wa dunia Buenos Aires, shabiki akaingia uwanjani na bendera ya Croatia, Divac akamnyang'anya. Nchi ilikuwa tayari inapasuka. Petrović hakulimeza jambo hilo, na urafiki ukakatika. Kwa hiyo alirudi Portland akiwa na dakika chache kuliko mwanzo na hana wa kumpigia simu kwa lugha ya kwao usiku.

Hesabu

Tufanye hesabu moja, nyepesi. Dakika 36 ndizo kwa kawaida anazocheza mtu wa kikosi cha kwanza NBA. Chukua kasi aliyofunga nayo Petrović kila msimu, uitandaze kwenye dakika 36.

Msimu wa kwanza Portland: pointi 7.6 kwa dakika 12.6, inakuja karibu 22. Nusu ya pili ya masaibu yake Portland: 4.4 kwa dakika 7.4, inakuja 21 na ushei. Akiwa New Jersey miezi ile ya mwanzo: 12.6 kwa dakika 20.5, inakuja 22. Msimu wa 1991/92, sasa ni nyota: 20.6 kwa dakika 36.9, inakuja 20. Msimu wa 1992/93, kikosi bora cha ligi: 22.3 kwa dakika 38, inakuja 21.

Soma tena. Mtu "aliyeshindwa" na mtu "aliyefaulu" walikuwa wanafunga kwa kasi ileile. Kama kuna tofauti, yule wa benchi alikuwa juu kidogo.

Najua pingamizi. Mchezaji wa akiba hukutana na akiba wenzake, na akiingia kwa dakika 6 hana haja ya kubana pumzi. Michezo 18 ni michache mno kujengea hoja. Na kufunga si mchezo wote. Hesabu hii haisemi alifungwa ngapi upande wa pili. Yote kweli. Lakini kinachobaki ni kizito bado: mkono ulikuwepo, macho yalikuwepo, na uwezo wa kufunga mbele ya Wamarekani haukuwa na cha kuzoea. Anayesema Petrović alihitaji miaka miwili "kujifunza NBA" aeleze alijifunza nini kwenye kufunga.

New Jersey

Tarehe 23 Januari 1991, biashara ya timu tatu: Walter Davis akatoka Denver kwenda Portland, Petrović akapelekwa New Jersey Nets. Ukiitazama kwa jicho la wakati ule, alitupwa jalalani. Portland ilikuwa kileleni. Nets walimaliza msimu huo na ushindi 26 na vipigo 56. Aliyekuwa akijenga timu hiyo ni Willis Reed, nyota wa zamani wa New York Knicks, na kocha alikuwa Bill Fitch, mzee mkali ambaye sifa yake kuu haikuwa kubembeleza.

Nyumba yenye njaa haichagui mgeni. Dakika zikapanda mara moja hadi 20.5. Msimu uliofuata alianza michezo yote 82.

Lakini hapa ndipo ninapokiri kwamba alibadilika, na alibadilika kwenye mambo mawili ambayo hayaonekani kwenye pointi.

La kwanza ni mwili. Alirudi vuli ya 1991 akiwa na mabega na mapaja mengine. Alinyanyua vyuma kwa bidii ileile ya mitupo 500 ya alfajiri. Rick Carlisle, aliyekuwa kocha msaidizi wa Nets na baadaye kocha bingwa na Dallas, ni mmoja wa walioshinda naye ukumbini, na tangu hapo amemtaja kama mfano wa mtu anayejituma. Kilo zile hazikuwa za urembo. Zilimwezesha kupokea bega la mpinzani bila kuyumba, na kubaki mbele ya mtu wake kwa sekunde mbili zaidi. Hakugeuka mkabaji hodari, tusidanganyane. Aligeuka mkabaji ambaye kocha mpinzani hakuwa tena na hakika ya kumshambulia kila mara. Katika ligi ile, hiyo ndiyo tofauti ya kubaki uwanjani na kutolewa.

La pili ndilo kubwa, na ndilo silioni likisemwa vya kutosha. Aliuacha mpira. Bwana wa Cibona, aliyepanda nao kutoka chini kila mara, Nets walimwambia aukabidhi kwa Mookie Blaylock, na baadaye Kenny Anderson. Yeye akawa mkimbiaji. Anaanzia chini ya kikapu, mwenzake mrefu, Derrick Coleman au Sam Bowie, anasimama kama nguzo, mkabaji anagonga nguzo hiyo, Petrović anatokea upande wa pili akiwa mikono tayari, pasi inafika, mpira umeshatoka. Haugusi sakafu hata mara moja. Pasi zake za mwisho zilikuwa 3.1 kwa mchezo, kisha 3.5, kwa mtu aliyekuwa mchezeshaji wa timu huko kwao, hiyo ni namba ya mtu aliyekubali kazi nyingine.

Na kazi hiyo aliifanya kwa usahihi wa kutisha. Msimu wa 1991/92 asilimia 50.8 ya mitupo yake yote iliingia, na asilimia 44.4 ya ile ya mbali. Mwaka uliofuata 51.8 na 44.9, mitupo huru 87. Mchezaji wa nje anayetupa mara nyingi hivyo, kutoka mbali hivyo, kuvuka nusu ni jambo adimu. Ni afadhali kusema kwamba Marekani ilimsafisha: ilimwondolea udundaji, mbwembwe na mitupo ya kujionyesha, ikamwachia mkono peke yake.

Je, asingeweza kuyafanya hayo Portland? Angeweza kuyaanza. Lakini mtu hakimbizwi kuzunguka nguzo mbili kwa dakika 12 za kuazima. Mpango wa namna ile unachorwa kwa ajili ya mtu fulani, na Portland walishachora wa Drexler. Nets walikuwa na karatasi nyeupe. Ushindi ukapanda kutoka 26 hadi 40, wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1986, wakatolewa na Cleveland Cavaliers. Msimu uliofuata, chini ya Chuck Daly, walishinda 43, na Cleveland wakawatoa tena, safari hii mpaka mchezo wa tano.

Wenzake wa 1989

Vuli ile ya 1989 hakwenda peke yake. Watano waliingia pamoja, na ukiwaweka bega kwa bega hoja yangu inapata miguu.

Divac alikwenda Lakers mwaka uleule Kareem Abdul-Jabbar alipostaafu. Kiti cha mtu mrefu kilikuwa wazi, na aliyegawa mipira alikuwa Magic Johnson. Divac alicheza michezo 82, akaingia kikosi bora cha wachezaji wapya. Šarūnas Marčiulionis wa Lithuania alikuta Golden State ya Don Nelson, kocha aliyependa mbio na vurugu, naye alikuwa na mwili wa mbeba mizigo. Akafika pointi 18.9 kwa mchezo msimu wa 1991/92, akitokea benchi. Alexander Volkov, wa Ukraine ya leo, alipata misimu miwili Atlanta Hawks. Žarko Paspalj, mmoja wa vipaji vikubwa vya Yugoslavia, alicheza michezo 28 San Antonio Spurs, akarudi Ulaya, akatamba huko miaka mingi.

Nani kati yao alikuwa bora zaidi siku wanapanda ndege? Ukiuliza makocha wa Ulaya wa 1989, jina la Petrović lingetoka kwanza bila kubishana. Mwaka wa kwanza ulipoisha, jina lake lilikuwa nyuma ya Divac na Marčiulionis. Kipaji hakikupanga foleni ile. Viti vilivyokuwa wazi ndivyo vilivyoipanga.

Tazama na upande wa leo, kwa haraka. Luka Dončić wa Slovenia alitoka Real Madrid kama Petrović, akachaguliwa wa 3 mwaka 2018, na Dallas Mavericks wakampa mpira siku ya kwanza. Pointi 21.2, mchezaji mpya bora wa mwaka. Dončić mwenyewe amesema kufunga NBA ni rahisi kuliko Ulaya. Ligi imebadilika, kukaba eneo kunaruhusiwa, kumwekea mtu mkono hakuruhusiwi tena. Lakini kubwa ni kwamba hakuna aliyemwambia akakate vitunguu.

Heshima

Agosti 1992, Barcelona. Croatia ikiwa taifa jipya ilifika fainali ya Olimpiki dhidi ya Marekani ya Jordan, Magic na Larry Bird. Kuna dakika kipindi cha kwanza Croatia iliongoza 25 kwa 23, na nadhani hakuna Mkroatia aliyeisahau. Ilimalizika 117 kwa 85. Petrović alifunga 24. Drexler, mtu aliyekuwa akimsubiri apumzike ili aingie, alikuwa upande wa pili.

Januari 1993 aliifunga Houston Rockets pointi 44, akikabwa na Vernon Maxwell, ambaye ulimi wake ulijulikana ligi nzima. Mwezi uliofuata Mchezo wa Nyota ukapigwa bila yeye. Alikuwa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi, anatupa kwa usahihi ambao wachezaji wachache wa nje waliufikia, na hakualikwa. Aliumia, wala hakuficha. Hapo hakukuwa tena na swali la kuzoea. Yeye alishamaliza upande wake. Waliobaki kuzoea ni wenyeji.

Mkataba wake na Nets ulikuwa unaisha kiangazi hicho, na habari za klabu za Ulaya kumtaka zilikuwa zimeshaenea. Juni alikuwa Wrocław, Poland, na timu ya taifa kwenye mashindano ya kufuzu ubingwa wa Ulaya. Timu ilirudi kwa ndege kupitia Frankfurt. Petrović aliachana nao hapo akapanda gari. Tarehe 7 Juni 1993, mvua ikinyesha, lori lilikuwa limeziba barabara kuu karibu na Denkendorf, Bavaria. Alikuwa amelala kiti cha abiria. Alikufa akiwa na miaka 28.

Vuli ile Toni Kukoč alifika Chicago Bulls, Dino Rađa akafika Boston Celtics, wote wawili wenzake wa Barcelona. Novemba 11 Nets walipandisha fulana namba 3 juu ya uwanja wao. Mkataba mpya ulikuwa haujasainiwa.